Bunduki ya Upepo kwa Kijana Anayeanza Kulenga Shabaha

Bunduki ya upepo ni bunduki ambayo risasi yake husukumwa mtutuni na hewa au gesi iliyobanwa, si na mlipuko wa baruti, na kwa sababu hiyo haina kishindo kikubwa, haihitaji uwanja mrefu wenye tuta la udongo mwishoni, na kila risasi yake hugharimu kidogo. Sifa hizo ndizo zilizoifanya kuwa chombo cha kwanza cha mafunzo katika nchi ambazo ulengaji shabaha ni mchezo wa vijana, kama vile Ujerumani, India, Korea Kusini na hasa Marekani, ambako mzazi aliyehamia kutoka Afrika Mashariki au Kongo anaweza kuletewa barua na mwanawe wa sekondari inayosema kwamba kijana amekubaliwa katika timu ya shule. Utafutaji wa bunduki huanza hapo, na mara nyingi huanzia mahali pasipofaa, yaani kwenye maboksi ya dukani yanayosifu kasi na nguvu. Ukweli ni kwamba bunduki nafuu ya mashindano huchaguliwa kwa kanuni za daraja ambalo kijana atashindania na kwa vipimo vya mwili wake, na kwamba kasi inayotangazwa kwa herufi kubwa ndiyo habari yenye manufaa madogo kuliko zote zilizoandikwa juu ya boksi.

Mashindano yanayozungumziwa hapa ni ya mita 10, yanayosimamiwa kimataifa na Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Kulenga Shabaha, ISSF, lililoanzishwa mwaka 1907. Yaliingizwa katika Olimpiki mwaka 1984 huko Los Angeles, na mshindi wa kwanza upande wa wanawake alikuwa Pat Spurgin wa Marekani, msichana wa miaka 18. Risasi inayotumika ina kipenyo cha milimita 4.5. Shabaha ni karatasi, au siku hizi mtambo wa kielektroniki, yenye maduara kumi yaliyopangwa moja ndani ya jingine, ambapo duara la nje kabisa lina upana wa milimita 45.5, eneo jeusi analolitazama mlengaji lina milimita 30.5, na alama ya kumi ni nukta ya nusu milimita tu. Mtu anayesikia kipimo hicho kwa mara ya kwanza hudhani kwamba ni bunduki ya bei ya gari pekee inayoweza kugusa nukta kama hiyo.

Hesabu inaonyesha vingine. Kanuni humpa mlengaji alama ya juu zaidi inayoguswa na ukingo wa tundu la risasi, kwa hiyo risasi yenye nusu kipenyo cha milimita 2.25 hupata kumi endapo kitovu chake kimetua ndani ya milimita 2.5 kutoka katikati ya nukta. Hii ina maana kwamba bunduki inayoweza kukusanya risasi zake zote ndani ya duara la milimita 5, ikipimwa kutoka kitovu cha tundu hadi kitovu cha tundu, tayari ina uwezo wa kupata kumi kila mara ikiwa imefungwa imara juu ya meza. Bunduki nyingi za mafunzo zenye mtutu mzuri zinaufikia uwezo huo zikipewa risasi zinazozifaa. Mikono ya kijana wa mwaka wa kwanza haiufikii, na haitaufikia kwa muda mrefu, kwa sababu kijana aliyesimama bila kuegemea kitu huyumba, na kuyumba kwa milimita moja tu kati ya tundu la kulengea la nyuma na kipete cha mbele huipeleka risasi zaidi ya milimita 10 kando ya shabaha. Pesa inayoongezwa ili kununua bunduki sahihi zaidi kuliko hapo, katika hatua hiyo, hainunui alama yoyote.

Kuhusu kasi, bunduki za mashindano kwa makusudi hazirushi risasi upesi, bali huirusha kwa takriban mita 170 hadi 180 kwa sekunde, yaani kama nusu ya mwendo wa sauti. Risasi ya mchezo huu ina kichwa bapa ili itoboe karatasi kwa tundu la mviringo lisilochanika, na umbo hilo halitulii vizuri angani likikaribia mwendo wa sauti. Zaidi ya hayo, bunduki ya springi yenye nguvu nyingi hupiga teke, yaani husukuma nyuma na kutikisika wakati risasi bado imo mtutuni, na mwanafunzi ambaye hajajua kutulia huvuna makosa ambayo hawezi kuyatofautisha na makosa yake mwenyewe. Jambo la maana kuliko kasi ni kasi isiyobadilika. Risasi iendayo mita 170 kwa sekunde hushuka karibu milimita 17 kabla ya kufika kwenye shabaha, lakini ikitoka ikiwa pungufu kwa asilimia 10 hushuka karibu milimita 21, na tofauti hiyo ya milimita 4 inatosha kugeuza kumi kuwa tisa ilhali mlengaji hakukosea lolote. Mtoto anastahili chombo kinachosema kweli juu ya kile alichokifanya, kwa kuwa mafunzo yote ya mchezo huu yamejengwa juu ya kulinganisha alichokiona wakati wa kufyatua na tundu lililotokea kwenye karatasi.

Marekani ndiko lilikopatikana jibu lililo wazi zaidi kwa suala la unafuu, kwa sababu huko mashindano ya vijana yamegawanywa katika madaraja mawili kwa kuzingatia vifaa. Daraja la juu, liitwalo Precision, huruhusu bunduki za kiwango cha Olimpiki pamoja na koti na suruali ngumu za turubai na ngozi zinazomsaidia mlengaji kutoyumba. Daraja la pili, liitwalo Sporter, liliwekwa ili mtoto wa familia ya kawaida ashindane na wenzake walio na vifaa vya aina moja na vyake. Kanuni za daraja hilo zinataka bunduki isizidi kilo 3.4 pamoja na vifaa vyake vya kulengea, triga, yaani kifyatulio kinachovutwa na kidole, isikubali kufyatuka kwa uzito wa chini ya gramu 680, na kasi ya risasi isizidi mita 183 kwa sekunde, huku makoti na suruali maalumu zikipigwa marufuku. Vijana hupiga katika mikao mitatu, yaani kulala kifudifudi, kupiga goti na kusimama, na yote hufanyika katika umbali uleule wa mita 10.

Mashindano hayo huendeshwa na Civilian Marksmanship Program, taasisi iliyopewa sura yake ya sasa kwa sheria ya mwaka 1996 lakini yenye mizizi katika mpango wa serikali wa mwaka 1903, na huwapokea vijana kutoka JROTC, ambayo ni mafunzo ya kijeshi ya hiari katika shule za sekondari, kutoka klabu za 4-H zilizoenea hasa vijijini, na kutoka klabu za mitaa. Haifai kuidharau ngazi hii kwa sababu ya bei ya vifaa vyake. William Shaner, aliyeshinda dhahabu ya bunduki ya upepo kwa wanaume katika Olimpiki ya Tokyo, alianza kulenga shabaha katika 4-H ya kwao Colorado, na Sagen Maddalena, aliyepata fedha ya bunduki ya mita 50 mjini Paris mwaka 2024, alilelewa na mpango huohuo huko California.

Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi linahusu daraja atakaloingia kijana na orodha ya bunduki zinazokubaliwa katika daraja hilo, kwa kuwa waandaaji huitoa orodha hiyo, na bunduki isiyokuwamo humwacha mtoto nje ya mstari hata kama ni nzuri kupita zote. Majina yanayorudiwa kwa miaka mingi katika Sporter ni Daisy 853 na 753, Crosman Challenger, na Air Arms T200 ya Uingereza. Bei zake huhesabiwa kwa mamia ya dola, wakati bunduki mpya za kiwango cha Olimpiki kutoka viwanda vya Ujerumani kama Feinwerkbau, Walther na Anschütz huhesabiwa kwa maelfu. Daisy 853 na Crosman Challenger zimetengenezwa kwa mitutu ya Lothar Walther, kiwanda cha Kijerumani kinachojulikana kwa ubora wa mifereji yake, yaani michirizi ya ndani ya mtutu inayoizungusha risasi ili iende sawa, na hii ndiyo siri ya bunduki ya bei nafuu kukusanya risasi karibu karibu.

Bunduki hizo hutofautiana zaidi katika namna zinavyoibana hewa, na tofauti hiyo humgusa mtoto moja kwa moja. Daisy 853 ni ya pampu ya mara moja, maana yake mlengaji huvuta mkono wa chuma ulio ubavuni na kuurudisha kabla ya kila risasi, na kitendo hicho kimoja huibana hewa yote inayohitajika. Uzuri wake ni kwamba haihitaji mtungi, mashine wala gesi ya kununua, na kwa klabu iliyo mbali na mji hiyo ni neema kubwa. Udhaifu wake ni kwamba mkono huo unataka nguvu, hivyo mtoto wa miaka 10 au 11 mwenye mabega membamba huanza kutetemeka kabla ya kufika nusu ya mashindano, na kila anapopampu huuvunja mkao wake na kulazimika kuujenga upya. Crosman Challenger hutumia hewa iliyoshindiliwa mapema katika mtungi mdogo ulio chini ya mtutu, ambao hujazwa kwa pampu ndefu ya mkono au kutoka kwenye mtungi mkubwa kama ule wa wapiga mbizi. Kupiga kwake ni kwepesi na mkao haubomoki, lakini mnunuzi asiye na klabu ya kumjazia hewa ajue kwamba bei ya pampu au mtungi mkubwa ni sehemu ya bei ya bunduki. Bunduki za gesi ya kaboni dioksaidi, zilizowahi kuenea sana, zina tatizo la joto, kwa sababu msukumo wa gesi hiyo hupungua kwenye baridi na kuongezeka kwenye joto, na risasi za asubuhi hazitui mahali pa risasi za mchana.

Bunduki ikishakubalika kwa kanuni, inabaki kuupima mwili, na hapa ndipo mzazi anapopaswa kutumia muda wake mwingi, tena mtoto akiwepo. Urefu wa kitako, yaani sehemu inayoegemea bega, hupimwa kwa kuweka kitako ndani ya kiwiko kilichokunjwa na kuangalia kama ncha ya kidole cha shahada inaifikia triga bila kunyooshwa. Kipimo hicho ni cha kukadiria tu, na neno la mwisho hutolewa na mkao wenyewe. Kijana asimame ubavu kuelekea shabaha, kiwiko cha mkono wa mbele kikae juu ya nyonga au mbavu ili mifupa ibebe uzito badala ya misuli, kisha alaze shavu juu ya bunduki na kufumba macho. Akiyafumbua, jicho linapaswa kukuta tundu la kulengea mbele yake bila shingo kunyooshwa wala kichwa kuinamishwa. Ikiwa kitako ni kirefu mno, kijana huinama nyuma na kuupinda mgongo, na mtoto anayezoea kusimama hivyo huku akibeba uzito usiomfaa huumia kiuno, jambo ambalo mwalimu mwenye huruma hawezi kulifumbia macho kwa sababu ya medali. Ndiyo maana bunduki ambazo vitako vyake hurefushwa kwa kuongeza au kupunguza vipande mwishoni zina thamani kubwa kwa mnunuzi asiye na fedha nyingi, kwani mtoto wa miaka 12 hukua, na kitako hukua naye.

Suala la mkono na jicho husahaulika mara nyingi. Karibu kila mtu ana jicho linalotawala, yaani lile ambalo ubongo huliamini zaidi, na kulijua ni rahisi: kijana hunyoosha mikono mbele, huunda tundu dogo kwa viganja, hutazama kitu cha mbali kupitia tundu hilo kwa macho yote mawili, kisha hufumba jicho moja baada ya jingine, na jicho ambalo bado linakiona kitu hicho ndilo linalotawala. Kijana ambaye jicho lake la kushoto hutawala hufundishika kwa urahisi zaidi akipiga kwa bega la kushoto, na kwake bunduki ambayo komeo lake hufunguka upande wa kulia tu, na ambayo kitako chake kimechongwa kwa shavu la upande mmoja, ni mzigo wa kila siku.

Kuhusu vifaa vya kulengea, kanuni za mchezo huu haziruhusu darubini, hivyo boksi linalotangaza darubini ya bure halimpi kijana wa mashindano chochote. Anachohitaji ni tundu dogo la nyuma linalosogezwa kwa hatua ndogo zinazosikika zikilia, juu na chini, kulia na kushoto, pamoja na kipete cha mbele kinachoweza kubadilishwa. Kipete hicho huchaguliwa kwa upana unaoacha ukanda mweupe ulio wazi kuzunguka duara jeusi, kwa kuwa kipete kinachobana humfanya kijana apigane na kila mtikisiko na kuchelewa kufyatua, huku jicho likichoka. Bunduki nyingi za burudani hazina hata reli ya kufungia tundu la namna hiyo, na kasoro hiyo peke yake inatosha kuiacha dukani.

Risasi zenyewe zinastahili fedha kuliko watu wanavyodhani. Mitutu miwili iliyotoka kiwanda kimoja siku moja inaweza kupenda risasi tofauti, na risasi za mashindano kama zile za RWS, H&N na JSB huuzwa zikiwa na vipimo vya kichwa vinavyopishana kwa sehemu za mia za milimita. Njia ya haki ni kuifunga bunduki au kuiegemeza juu ya mfuko wa mchanga, kupiga risasi kumi za kila aina kwenye karatasi tofauti, na kununua kwa wingi aina iliyojikusanya zaidi. Karatasi hizohizo huonyesha afya ya bunduki iliyotumika. Matundu yakijipanga mstari wa juu kwenda chini huku upana wake ukiwa mdogo, kasi inabadilika, na mara nyingi chanzo ni mpira wa kuzuia hewa uliochakaa, ambao ni kipuri cha bei ndogo na ni sababu ya kushusha bei kuliko ya kukataa bunduki. Yakitawanyika pande zote, mtutu umeharibika, au skrubu za kitako zimelegea, na la pili lichunguzwe kwanza kwa kuwa dawa yake ni bisibisi tu.

Bunduki kuukuu za Olimpiki, kwa mfano Feinwerkbau 300S ya springi, ambayo huteleza juu ya reli zake ili mlengaji asihisi teke, huwavutia wanunuzi kwa sababu usahihi wake haujapitwa na wakati na bei yake imeshuka. Zinafaa kwa kijana mkubwa na kwa klabu zinazoziruhusu, lakini uzito wake unapita mpaka wa Sporter, na mtoto mdogo hawezi kuzihimili. Kwa zile za hewa iliyoshindiliwa kuna onyo zito zaidi. Mitungi yake ya alumini hugongwa tarehe, na kanuni za ISSF humbebesha mshindani mwenyewe jukumu la kuhakikisha kwamba mtungi haujapita muda wake. Bunduki yenye mtungi uliokwisha muda si rahisi tena pindi bei ya mtungi mpya inapojumlishwa, na kuujaza mtungi wa zamani kwa hewa ya msukumo mkubwa karibu na uso wa mtoto ni hatari isiyokubalika kwa bei yoyote.

Bajeti iache nafasi ya mambo madogo: glavu na mkanda wa kuzuia bunduki katika mkao wa kulala na wa kupiga goti, mkanda ambao hauruhusiwi mtu anaposimama, miwani ya kinga, kisanduku cha chuma cha kunasa risasi kwa mazoezi ya nyumbani pale sheria inaporuhusu, na uzi mnene wa plastiki wa rangi kali ambao hupitishwa mtutuni kutoka mwanzo hadi mwisho ili kila aliye uwanjani aone kwamba bunduki haina kitu. Uzi huo ni wa bei ndogo kuliko vyote, na mwalimu makini hamruhusu mtoto kuitoa bunduki kwenye begi bila huo. Kwa kuwa risasi nyingi hutengenezwa kwa madini ya risasi, ambayo ni sumu hasa kwa watoto, kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kula si adabu tu, ni kinga, na chakula hakiliwi kwenye mstari wa kupigia.

Sheria hutofautiana kiasi kwamba ushauri wa nchi moja unaweza kumtia mtu matatani katika nchi nyingine. Sheria ya shirikisho la Marekani haiihesabu bunduki ya upepo kuwa silaha ya moto, lakini jimbo la New Jersey huihesabu hivyo. Ndugu anayefikiria kuisafirisha bunduki ya aina hii kwenda Afrika Mashariki kama zawadi asiifunge kwenye sanduku kabla ya kupata kibali cha maandishi kutoka kwa mamlaka ya silaha ya nchi husika na ridhaa ya shirika la ndege, kwa kuwa mkaguzi wa uwanja wa ndege huona bunduki, haoni mchezo.

Klabu nyingi za Marekani huwaazima vijana bunduki katika msimu wa kwanza, na mzazi mwenye nafasi hiyo afanye subira na kuitumia, kwani msimu mmoja wa kuazima hufichua kama mtoto anaupenda mchezo, jicho lake ni lipi, na pampu inamshinda au haimshindi. Wakati wa kupanda kwenda Precision hujulikana kwa matokeo ya mazoezi zaidi kuliko kwa umri: kocha anapoiweka bunduki ya Sporter mezani na kuona kwamba risasi zilizopigwa kutoka kwenye mfuko wa mchanga hazijikusanyi kwa uzuri wa kutosha kuzidi zile anazopiga kijana akiwa amelala kifudifudi, basi bunduki imefika kikomo chake. Kabla ya siku hiyo, fedha iliyokusudiwa bunduki mpya inafaa kwenda kwenye risasi, nauli ya mazoezi na ada za mashindano, na bunduki ya kwanza, ikiwa imetunzwa, huuzwa bila shida kwa familia nyingine ya klabu hiyohiyo.